Kaunta za Prometheus zinapanda na kushuka katika programu ya Flask

kipimahewa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninatunza programu ya Flask (maktaba ya Python ya kuundia tovuti) ambayo wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo huitumia kuangalia salio na kufuatilia marejesho yao. Nimeweka maktaba ya prometheus_client, inayotoa vipimo kwa Prometheus (mfumo wa kufuatilia hali ya seva na programu), nikaunda kaunta ya kuhesabu maombi ya HTTP (simaanishi maombi ya mkopo) pamoja na histogramu ya muda wa kujibu (hesabu ya maombi kwa madaraja ya muda), kisha nikafungua njia ya /metrics ili Prometheus ije kuchota vipimo kila baada ya sekunde 15. Vyote viwili nimevipa lebo ya njia iliyoombwa na lebo ya namba ya mwanachama, ili mtu akilalamika kwamba mfumo ni mzito niweze kuona yaliyompata.

Kwenye kompyuta yangu hesabu zilikuwa sahihi. Kwenye seva, ambako programu inaendeshwa na Gunicorn (seva ya programu za Python) yenye michakato 4, yaani nakala nne za programu zinazofanya kazi sambamba, jumla ya maombi ilikuwa 1,204. Nilipofungua tena ukurasa huohuo ikawa 311, na mara ya tatu 1,206. Grafu ya rate(), yaani kasi ya ongezeko kwa sekunde, inadai kwamba tunapokea maombi zaidi ya 40 kwa sekunde, ilhali hata mwisho wa mwezi hatufikii 2. Je, nigeuze kaunta iwe geji (kipimo kinachoruhusiwa kupanda na kushuka), au maktaba yenyewe ina hitilafu?

MlinziWaSeva alijibu:

Ndugu kipimahewa, maktaba haina hitilafu, na geji ingekuongezea utata tu. Fikiria duka lenye makarani wanne, kila mmoja akiwa na daftari lake, na mkaguzi anapofika hukabidhiwa daftari la karani yeyote aliye karibu na mlango. Kila mchakato wa Gunicorn una kumbukumbu yake, kwa hiyo una kaunta yake, na ombi la /metrics hupokelewa na mchakato mmoja tu kati ya hiyo minne.

Grafu yako inatokana na hilohilo. Kaunta hairuhusiwi kushuka, kwa hiyo Prometheus inapoona 1,204 ikifuatwa na 311 huamini kwamba programu imewashwa upya na kuanza kuhesabu kutoka sifuri, ikahesabu 311 kuwa maombi mapya; ikija tena na kukuta 1,206, huongeza 895 nyingine. Ndani ya sekunde 30 umeshatwishwa maombi 1,206, na karibu yote hayakuwahi kutokea.

Dawa yake imo ndani ya maktaba. Weka kigezo cha mazingira PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR kielekee kwenye folda ambayo programu ina ruhusa ya kuandika, na kila mchakato utaandika hesabu zake kwenye mafaili ya humo badala ya kuzificha katika kumbukumbu yake. Kisha, ndani ya kitendaji kinachojibu /metrics, unda CollectorRegistry mpya kwa kila ombi, uipitishe kwa multiprocess.MultiProcessCollector, na urudishe matokeo ya generate_latest. Hapo mchakato wowote utakaojibu utasoma mafaili yote na kuyajumlisha. Katika gunicorn.conf.py ongeza kitendaji cha child_exit kinachoita multiprocess.mark_process_dead(worker.pid), ili geji zilizowekwa kuhesabu michakato hai tu zisiendelee kuhesabu ule uliokufa.

Bi_Takwimu alijibu:

Nakubaliana na MlinziWaSeva kuhusu chanzo, ila kuhusu dawa nina shaka kidogo. Hali hiyo ya michakato mingi ina gharama: vipimo vya CPU na kumbukumbu ambavyo maktaba hutoa yenyewe hupotea, aina za vipimo za Info na Enum hazifanyi kazi, na kila geji lazima uichagulie multiprocess_mode (namna ya kuunganisha thamani za michakato), kwa mfano livesum au max, la sivyo itatoka mara nne ikiwa na lebo ya pid, yaani namba ya mchakato. Kwa maombi yasiyofika 2 kwa sekunde, ambayo bila shaka muda mwingi yanasubiri kanzidata, ningejaribu kwanza mchakato 1 wenye nyuzi 8 (njia za kazi zinazoshiriki kumbukumbu moja), na tatizo lingeisha bila kuongeza hata mstari mmoja wa msimbo.

Linalonitia hofu zaidi ni lebo ya namba ya mwanachama. Histogramu ya maktaba hii ina madaraja 15 ya muda usipoyabadilisha, na ukiongeza jumla na idadi unapata mifululizo 17 (kila mmoja ukihifadhiwa peke yake) kwa kila mchanganyiko wa lebo. Chama kikiwa na wanachama 3,000, hiyo ni mifululizo 51,000 kwa njia moja tu, na Prometheus huitunza katika kumbukumbu mifululizo yote inayoendelea kupokea vipimo. Isitoshe, yeyote atakayefikia /metrics atajua ni mwanachama gani aliingia na alitazama nini. Namba hiyo mahali pake ni kwenye logi. Na kwa lebo ya njia, tumia request.url_rule (kiolezo cha njia), usitumie request.path (njia kamili iliyoombwa), kwa kuwa /mkopo/1 na /mkopo/2 zitahesabiwa kama njia mbili tofauti. Kumbuka tu kwamba url_rule huwa None pale ukurasa usipopatikana.

kipimahewa alijibu:

Ahsanteni sana. Namba ya mwanachama nimeiondoa, kwa aibu kidogo. Michakato 4 nimeibakiza kwa sababu tuna ripoti nzito za PDF zinazokula CPU, na nyuzi za mchakato mmoja wa Python zingesubiriana. Mwanzoni nilikiweka kigezo cha mazingira ndani ya app.py, chini ya mistari ya import, na hakikufanya lolote. Nilipokihamishia kwenye faili la systemd (mfumo wa Linux unaowasha na kusimamia huduma), kufungua /metrics mara kumi kulinipa hesabu isiyoruka. Lililobaki ni kwamba nikiwasha upya huduma, hesabu za zamani bado zipo.

MlinziWaSeva alijibu:

Ni kwa sababu mafaili ya awali yamebaki kwenye folda, nayo inapaswa kusafishwa kila Gunicorn inapowashwa. Kwa kuwa unatumia systemd, weka RuntimeDirectory katika faili la huduma na uelekeze kigezo huko: folda hiyo huundwa chini ya /run huduma inapoanza na hufutwa inaposimama.