Sabufa inakata fyuzi kila ikiwashwa

Besi Nzito: Wakuu, naombeni msaada. Sabufa yangu ina amplifaya ndani, umeme wa 230 V, fyuzi T3.15A (T ni ile inayochelewa kukatika). Nikiwasha tu inakatika na kioo kinakuwa cheusi tii. Nimeshabadilisha tatu, zote T kama ilivyoandikwa. Hata nikichomoa spika na waya wa sauti, hali ni ileile. Niweke ya 5 A?

Mzee wa Risasi: Usiweke, mkuu, na usizungushie waya. Ukiongeza fyuzi, kitakachoungua ni transfoma, na hiyo ndiyo ngumu kupata mbadala. Kioo cheusi ni dalili ya shoti kamili. Mzigo ukizidi kidogo tu, uzi hukatika na kioo hubaki safi.

Kabla ya fyuzi nyingine, unga balbu ya uzi (LED haifai) ya 60 hadi 100 W mfululizo na waya wa laini (ule wenye umeme). Kama kuna shoti itawaka kwa nguvu zote, lakini haitaunguza kitu. Kama hakuna, itamulika kidogo kapasita zikijaa, kisha itafifia.

Sasa chomoa plagi ukutani, halafu toa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya 1 kΩ, 5 W, dakika nzima kwa kila moja. Hakikisha kwa mita kwamba zimebaki chini ya volti moja. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo. Kisha tenga nyaya za sekondari za transfoma (upande unaopeleka umeme kwenye bodi), funika kila ncha kwa tepu, washa kupitia balbu. Ikififia, transfoma ni nzima na shoti iko mbele yake. Ikiwaka sana, kosa liko kwenye transfoma au kabla yake.

Dayodi Nne: Naongeza jambo ambalo wengi hulipita: kama transfoma ni ya duara, angalia bolti ya katikati. Ikigusa chuma cha kasha juu na chini, inakuwa mzunguko mmoja uliofungwa na fyuzi hukatika hata kama transfoma haina kasoro.

Besi Nzito: Sekondari ikiwa imetengwa, balbu inafifia. Bolti inagusa chini pekee. Daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) nimelitoa kwenye bodi: kila dayodi inasoma 0.5 hadi 0.6 V upande mmoja, upande wa pili OL (mita haioni njia). Transista moja ya nje (zile kubwa zinazosukuma spika) inasoma 0.3 Ω kati ya kolekta na emita.

Mzee wa Risasi: Umeikamata: 0.3 Ω hapo ni shoti. Badilisha jozi nzima, hata kama mwenzake anapima vizuri, maana amekwishabeba mzigo huohuo. Usiishie hapo: pima rezista za emita (mara nyingi 0.22 Ω, iliyoungua husoma OL) na transista zinazosukuma hizo za nje, kwani zikiwa mbovu zitaua jozi mpya palepale. Weka maika mpya (kipande cha kuzuia umeme kati ya transista na bamba la kupoza) na pasta ya joto, kisha pima kati ya kolekta na bamba la kupoza: pasisome chochote.

Washa kupitia balbu bila spika, upime volti za DC kwenye vituo vya spika. Zikivuka 50 mV, usiunge spika. Koili ya spika nayo ipime: spika ya 4 Ω inapaswa kusoma kama 3 hadi 3.6. Ikisoma 1, ndiyo iliyoua transista, na itaua hizo mpya pia.