Viti vya zamani vinacheza miguu: gundi nyeupe, epoksi au ya ngozi?

Mrithi_wa_Viti
Wakuu, babu ameniachia viti vinne vya mbao. Viwili ukivikalia vinalia, na miguu inacheza. Kimoja nilikimiminia supa gluu kwenye maungio, kikatulia wiki mbili, sasa kimerudi palepale. Nichukue ipi: gundi nyeupe ya mbao, epoksi (ile ya kuchanganya sehemu mbili), au ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama na kupashwa moto?

Randa_na_Patasi
Kabla ya gundi, kiti kifunguliwe. Hiyo uliyomimina imeishia ukingoni, ndani haikufika. Halafu supa gluu ikikauka haina unyumbufu, na kiti kila ukikikalia kinanesa kidogo, hivyo inapasuka. Gundi nyeupe yenyewe hushika kwa kupenya kwenye mbao, na ikikuta tabaka la gundi kuukuu haina pa kupenya. Kwangu mimi nyeupe inatosha kwa viti vingi, mradi ulimi, yaani ncha ya mguu iliyochongwa, ubane kwenye tundu lake. Usihitaji nyundo nzito kuuingiza, wala usidondoke ukipindua kiti.

Fupi_Nene
Piga msumari maisha yaendelee.

Mama_Samani
Msumari ndio unaopasua ulimi, mwanangu. Nimeshang'oa mitatu kwenye mguu mmoja, ulimi ukatoka vipandevipande.

Mrithi, dondoshea maji ya moto kwenye gundi ya zamani iliyovujia nje. Ikianza kunata vidoleni, ni ya ngozi; basi rudishia ya ngozi. Mpya huilainisha ya zamani na kushikana nayo, kwa hiyo hukwangui mpaka mbao nyeupe. Siku mjukuu wako akitaka kukifungua tena, maji ya moto na mvuke vinatosha. Kopo la gundi likae ndani ya sufuria ya maji, joto la nyuzi 60 hivi, isichemke. Ubaya wake ni kwamba unyevu huilegeza, na kwamba inaganda upesi. Mara ya kwanza nilipaka maungio manane kwa mpigo; nafika la tano, la kwanza limeshakuwa jeli!

Kabari
Epoksi naitetea kwa jambo moja tu: tundu lililolika likaacha nafasi. Nyeupe ikiachiwa nafasi inakuwa dhaifu, epoksi inaijaza. Ila ni ndoa isiyo na talaka, kufungua tena ni kuvunja mbao. Mimi huanza na maranda, yale maganda membamba ya mbao: nachukua randa moja refu, jembamba, nauzungushia ulimi kwa gundi, likikauka napunguza kwa msasa hadi ulimi ubane. Ukifanya hivyo nyeupe inarudi mchezoni.

Mrithi_wa_Viti
Nimejaribu maji ya moto. Haikunata. Imegeuka nyeupe, laini kama mpira.

Mama_Samani
Kumbe babu alikutangulia! Hiyo ni gundi nyeupe, kuna mtu alishavitengeneza. Ya ngozi isahau kwa hivyo viwili.

Randa_na_Patasi
Hapo kazi ni kukwangua. Loweka kwa kitambaa chenye siki ya vuguvugu, ikilainika itoe kwa patasi ukiilaza. Msasa kidogo sana, maana ukiupunguza ulimi umejitengenezea tatizo la Kabari. Mbao ikauke kabisa. Kisha paka gundi ukutani mwa tundu na kwenye ulimi, vyote viwili, ukaze. Kama huna jiliwa ndefu (kibanio), zungusha kamba mara mbili kwenye miguu yote, pitisha kijiti katikati ya kamba mbili, ukisokote. Simamisha kiti juu ya sakafu iliyonyooka wakati gundi ingali mbichi, la sivyo kitakauka kikiwa kimepinda. Usikikalie kabla ya saa 24.

Mrithi_wa_Viti
Miguu mitatu imetoka. Wa nne umegoma, nimegonga mpaka basi. Naona kiduara cha mbao ya rangi tofauti ubavuni.

Kabari
Acha kugonga! Hicho ni kichwa cha pini ya mbao, imepita katikati ya ulimi. Itoboe kwa keekee yenye ncha ndogo kuliko pini, mabaki yasukume nje, ndipo uvute mguu.