Mnaobeba spika Itasca, hivi huwa mnafuata nini kule?

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo.

Wikiendi iliyopita nilipeleka familia hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Wengi wenu mnapajua: mto Mississippi unaanzia pale ziwani, mtoto anauvuka kwa kukanyaga mawe. Kutoka Minneapolis ni mwendo wa karibu saa nne, na mtu anakubali kuuendesha kwa ajili ya utulivu tu.

Tukapakana na kundi la vijana, watu wetu kabisa, Kiswahili chao nilikisikia nikiwa bado nateremsha hema garini. Spika mezani tangu mchana. Saa nne usiku, muda ambao hifadhi za jimbo hili zinataka watu wanyamaze, wao ndio wakaongeza sauti. Nikawafuata kwa heshima: "Wadogo zangu, kuna watoto wamelala." Jibu: "Kaka, hapa ni pa umma."

Pa umma ndiyo, maana yake si sebuleni kwako! Na jirani siye anayeumia peke yake. Jioni hewa iliyogusana na maji hupoa kuliko ile ya juu, hivyo sauti inapinda kurudi chini na kwenda mbali mno ziwani. Walio ng'ambo nao mliwalazimisha kusikiliza.

Lililonichoma zaidi lilitokea asubuhi. Wawili wao wakaingia ziwani na kayaki, spika ndogo mapajani, moja kwa moja hadi kwenye kiota cha luni, yule ndege wa majini mwenye macho mekundu aliye nembo ya jimbo. Miguu yake imekaa nyuma sana mwilini, nchi kavu anajikokota, kwa hiyo hutaga ukingoni kabisa mwa maji, mara nyingi mayai mawili tu. Ukimshtua anatumbukia majini, mayai yanabaki yakipoa na kunguru anayaona. Luni wa watu akaanza kutoa ile sauti ya kutetemeka inayofanana na kicheko. Kijana katoa simu, anarekodi: "Msikie anavyoimba na sisi!"

Haimbi! Ile ni sauti ya hofu. Alikuwa anawafukuza, nanyi mkasogea zaidi.

Hifadhi hii ipo tangu 1891. Mwaka 1903 msimamizi wake, Mary Gibbs, binti wa miaka 24, aliwakabili wakata magogo ili wafungue bwawa lililokuwa linazamisha kingo za ziwa. Misonobari mnayofungia bembea zenu ilipiganiwa na watu wa namna hiyo, jamani.

Mkitaka muziki, vaeni visikilizio. Mkimwona luni amekaa ukingoni, geuzeni kayaki mapema. Mimi nikikuta tena mambo yale sitakuja kuwabembeleza hemani kwenu, naenda moja kwa moja kwa askari wa hifadhi.