Yule mjuaji kaniita "Merkle" mbele ya jukwaa zima, nishikeni

Wakuu nina hasira hapa hata kuandika naandika kwa kutetemeka. Yule jamaa, sina haja ya kumtaja, yule ambaye ukiuliza bei ya mkaa anakuletea historia ya Marekani, nimeuliza kaswali kamoja tu kwenye uzi wa besiboli akanijibu "tulia wewe Merkle". Merkle, yule mchezaji wa Giants aliyebandikwa jina la zezeta! Mbele ya watu! Na kikatuni cha kucheka juu!

Merkle mwenyewe kakosa nini sasa? Septemba 23, 1908, Polo Grounds, New York, Giants na Cubs ngoma 1-1, raundi ya tisa, dogo ana miaka 19, kapangwa kulinda besi ya kwanza kwa vile mwenye namba, Tenney, mgongo umegoma. Giants wanashambulia, dogo yuko besi ya kwanza, mwenzake Bridwell kapiga, McCormick kaingia nyumbani na pointi ya ushindi, watu washamwagika uwanjani, dogo alitakiwa akanyage besi ya pili kabla ya mpira kufika hapo ndo pointi ihesabike, ila hajafika kakata kona kukimbilia vyumbani, kitu ambacho enzi hizo WENGI walikuwa wanafanya. Evers wa Cubs akaanza kupiga kelele apewe mpira, McGinnity wa Giants kautupa kwa mashabiki, sijui waliokota upi, Evers kakanyaga besi, refa O'Day kasema dogo yuko nje, pointi imekufa. O'DAY HUYOHUYO Septemba 4 kule Pittsburgh Evers alimlilia kosa hilohilo akamkatalia! Mechi ikarudiwa Oktoba 8, Cubs 4-2, wakabeba na ubingwa, lawama zote kwa mtoto wa watu. Coveleski, mrusha mpira wa Phillies, kuwapiga Giants mara 3 ndani ya siku 5 hamlisemi.

Halafu mtu ananiita Merkle. Mbele ya watu jamani.

pweza_mkavu: Kesi ni ya 1908 au ya leo asubuhi? Sijaelewa nimchukie nani

bintiwaShangazi: Merkle kacheza World Series (fainali kuu) 5 kafungwa zote 5. Mkuu hilo jina limekukaa kabisa 😂😂

mwenye uzi: Zezeta anafika huko mara 5? McGraw, kocha wa Giants, na ukali wake wote alibaki naye mpaka 1916. Ila MBELE YA WATU!

kobe_wa_juzi: Shukuru. Mimi aliniita Hal Chase, yule wa tuhuma za kuuza mechi, na shemeji yangu yumo humu anasoma

Mzee Kifimbo: Mnalilia majina? Buck Weaver, besi ya tatu White Sox, fainali za 1919 ambazo wenzake waliziuza, wastani wake wa kupiga .324, hela hakuchukua, 1921 mahakama ikamwachia, kesho yake Landis, kamishna wa besiboli, kamfungia maisha. Huo ndo uonevu

bintiwaShangazi: Kikao cha dili si alikaa akanyamaza?

Mzee Kifimbo: Angemchoma nani, wenzake? We binti una roho mbaya

bintiwaShangazi: Roho mbaya ninayo ila dili sijakaa

kobe_wa_juzi: Jamani na Chase wangu je

dereva_bila_gari: Nilikuja kuuliza kwa nini jukwaa halifunguki kwenye simu yangu nikaambiwa nianze na uzi huu. Weaver ndo admin?