Faili ya kesi ya marehemu baba "imepotea", nifanyeje nipate hukumu?

Binti_wa_mpakani: Ndugu zangu habari za jioni, naombeni ushauri maana nimechoka. Marehemu baba alishinda kesi ya mpaka wa shamba mwaka 2013, ilianzia kwa LC1, korti ya kijiji hapa kwetu Uganda, ikapanda mpaka kwa magistreti, jirani akaamriwa arudi nyuma ya mikonge. Mzee tumemzika mwaka jana, sasa jirani ameng'oa mikonge miwili, mashimo bado mabichi kabisa, anasema kama tuna karatasi ya korti tulete. Hatuna, sanduku la mzee liliingia mchwa. Kortini nimeenda mara tatu, karani anasema faili imepotea ila nikitoa laki mbili ataitafuta, na namba ya kesi siijui. Hivi nina haki ya kupewa hiyo hukumu kweli?

Mzee_Elgon: Pole sana binti yangu. Haki unayo, usimpe hata mia. Usiulize faili kwanza, omba wafungue rejista ya kesi za madai ya 2013, mle kuna namba na majina ya pande zote mbili. Ukishapata namba andika barua kwa Chifu Magistreti uombe nakala iliyothibitishwa ya hukumu pamoja na mwenendo wa kesi. Peleka barua mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani, hiyo itunze kama pesa. Ada ipo, lakini inalipwa benki au kwa simu kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya kodi, siyo mkononi mwa mtu.

Kijana_Bweyale: nilijaribu kumtafutia mjomba hukumu ya kesi yake kwenye ULII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, sikuona kitu, pale ni bure lakini nyingi ni hukumu za Korti Kuu kwenda juu. Na ile ECCMIS, mfumo wa korti wa kufungua kesi kwa kompyuta, imeanza 2022, yako ya 2013 ni karatasi tu dada

Mama_Shamba: Mzee Elgon naomba nikurekebishe kidogo kwa heshima. Kama ilianzia LC1 basi ilipita LC2 ya parishi na LC3 ya sabkaunti, kwa magistreti ilifika kama RUFAA, ndivyo sheria ya korti za LC ya 2006 ilivyo. Kwa hiyo dada katafute kwenye rejista ya rufaa, kwenye kesi mpya utatafuta mpaka uzeeke. Pia nenda sabkaunti, korti ya LC3 inatakiwa iwe na maandishi yake, yetu sisi tuliikuta kwenye kaunta buku ya katibu.

Mzee_Elgon: Kweli kabisa mama, asante. Niongeze, sheria ya kupata habari ya 2005 inazuia rekodi za kesi ambayo haijaisha, ya mzee iliisha zamani. Ukiomba kwa maandishi wana siku 21 za kukujibu.

Kijana_Bweyale: na jirani akikataa bado, hapo mtahitaji barua za usimamizi wa mirathi ili mwende kortini kwa niaba ya mzee, mnaanzia kwa Administrator General, ofisi ya serikali ya mali za marehemu, anzeni mapema

Binti_wa_mpakani: Wazee wangu nimerudi. Leo nimeomba rejista ya rufaa, karani mwingine, mama mtu mzima, akaifungua bila neno. Jina la baba liko pale, wamekosea herufi moja tu. Namba nimeandika kwenye kiganja maana sikuwa na karatasi. Barua napeleka Jumatatu asubuhi.