Wakuu, "boycott" inatumikaje? Naandika barua kwa mwenye fremu

Fremu ya Kona: Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa wapangaji wa fremu hapa mtaani. Mwenye jengo kapandisha kodi katikati ya mkataba, na wakili wake anataka barua ya Kiingereza. Wenzangu wanashikilia niandike "we will boycott against the rent". Mie sentensi hiyo inanikwaza. Naombeni ushauri.

Mwalimu Mstaafu: Toa hiyo "against". Unasema boycott the shop, boycott the election, basi. Wakati uliopita t ni mbili, boycotted. Na herufi ya kwanza ni ndogo, japo lilikuwa jina la mtu.

Chumvi Kidogo: Jina la mtu tena? 😂

Mwalimu Mstaafu: Tena kisa chenyewe ni cha kodi! Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wapangaji waliomba wapunguziwe kodi asilimia 25, bwana akakubali 10 tu. Boycott alipoanza kuwatoa wasiolipa, hawakumgusa hata kwa kofi. Walimsusa. Vibarua wakaacha mazao yakisimama shambani, madukani hauziwi kitu, hata barua zake zikakosa wa kumpelekea. Wakaletwa wavunaji 50 hivi kutoka mbali, wakivuna huku askari wakiwalinda. Ulinzi huo ulikadiriwa kugharimu pauni 10,000, kwa mazao ya pauni 500 hivi! Mwaka haujaisha, Boycott keshaondoka Ireland na magazeti yanalitumia jina lake kama kitenzi.

Bint Pangani: Mwalimu kamaliza historia, turudi kwenye barua. Strike ni mfanyakazi kugoma kazi. Boycott ni kumsusa mtu au kitu: hununui, huuzi, huhudhurii. Sasa katibu, ukae ndani ya fremu yake, ufungue biashara kila asubuhi, kodi hutoi, halafu uite boycott? Wakili atakuita mdaiwa. Mnakusudia nini hasa?

Fremu ya Kona: Kulipa ileile ya zamani mpaka mkataba uishe.

Bint Pangani: Basi hilo neno lisionekane kabisa. Andika "we do not accept the increase", taja kifungu cha mkataba kinachosema kodi ni kiasi gani na mpaka lini. Lipeni kwa benki, kila mtu atunze risiti yake.

Chumvi Kidogo: Na akiitisha kikao cha kuwatisha, hicho ndicho cha ku-boycott.