Tuta la mwamba linapunguza nguvu ya turbini maji yakitoka tu. Kwa nini?

Binti_Shangani: Shikamooni wakubwa. Niko Mtwara, natengeneza modeli ya mlango wa bandari yetu kwa mradi wa chuo. Nimeweka turbini moja ya kuzalisha umeme kwa mkondo wa maji, kipenyo mita 6, kwenye kina cha mita 20, na maji yanakuja kwa mita 2 kwa sekunde. Hivi ni vipimo vya majaribio. Sakafu ikiwa tambarare, kujaa na kupwa vinatoa nguvu ileile. Nikiongeza tuta la mwamba la mita 4, umbali wa mita 30 upande wa bandarini, maji yakijaa hakibadiliki kitu cha maana. Yakitoka, nguvu inashuka karibu nusu, wakati kasi imeshuka hadi 1.6 tu. Niiamini? Gesi ya Mnazi Bay tunaijua mpaka watoto. Natamani na mkondo huu tuujue kwa hesabu.

Fundi_Mikindani: Marahaba mwanangu. Iamini. Nguvu inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.51. Maji yakitoka, yanakutana na tuta kwanza. Yakishavuka kilele yanaachana na sakafu, na nyuma yake yanabaki maji ya polepole yanayojizungusha. Kivuli hicho kinafika makumi ya mita, na turbini yako imo ndani. Yakijaa, turbini inayapata kabla ya tuta.

Ila hiyo nusu ni wastani. Ukiichora turbini kama sahani inayozuia maji, na mkondo ukauhesabu kwa wastani, mizunguko mikubwa inafutika, nayo ndiyo inayochosha mapanga. MeyGen, mradi wa umeme wa mkondo kule Uskoti, wana turbini nne za megawati 1.5, kipenyo mita 18; panga la ukubwa huo linapata kasi tofauti juu na chini kila linapozunguka. Halafu kwenye modeli, maji umeyagawa katika vyumba vya hesabu vya ukubwa gani? Chumba cha mita 5 kinalimeza tuta lote.

Nahodha_Msimbati: Mimi kompyuta siijui, navua. Siku za bamvua, mkondo ukiwa na nguvu, maji yakipita juu ya mwamba unayaona yanafoka juu kama chungu kinachochemka. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, huoni kitu. Na mwamba si ukuta, binti yangu. Una mapengo, na ukishusha mshipi pengoni unavutwa kuliko kwingine kote.

Binti_Shangani: Asante baba. Tuta langu linatoka ukingo hadi ukingo, halina pengo. Hayo mapengo yana upana gani?

Nahodha_Msimbati: Mengine ngalawa haigeuki. Mengine mashua mbili zinapishana.

Fundi_Mikindani: Basi anza na pengo la mita 8, vyumba vya nusu mita karibu na mwamba, na kasi ya bamvua. Turbini iweke ukingoni mwa pengo, si katikati. Hapo upande mmoja wa mapanga utakuwa kwenye maji ya mbio na mwingine kivulini, na mzigo wa ekseli utauona wazi. Tuwekee grafu hapa.